Tambi za sekunde 27: kwanini Wajapani wanazililia mashine zao za zamani za chakula

Kuna klipu zinazunguka sana siku hizi, unaona mashine ya bati imechubuka rangi, picha ya bakuli la tambi imefifia kwa jua, mtu anatumbukiza sarafu, namba za rangi ya chungwa zinaanza kuhesabu 27, 26, 25, unasikia kitu kinazunguka ndani kwa nguvu, halafu kidirisha kile chini kina bakuli la tambi za moto na supu yake. Na kila klipu ya hivyo ikipita watu wanachanganyikiwa kwa namna zile zile. Huyu anauliza hizo tambi zimekaa humo toka mwaka gani, yule anasema ndani kuna roboti mpishi, mwingine anashangaa nchi yenye treni za mwendokasi vile inang'ang'ania mashine ya miaka ya 70 ya nini.

Mimi hizi mashine nazipenda kweli, kwahiyo ngoja nilifungue hili jambo taratibu, maana ukishajua kinachofanyika nyuma ya lile bati ndio unaelewa kwanini mtu mzima anatoka Tokyo na gari, anaendesha masaa, anaenda kula tambi za bei ndogo amesimama nje kwenye baridi.

Tuanze na tunachokiongelea. Mashine ya kujihudumia ni ile unaweka hela yenyewe inakupa kitu, hakuna muuzaji. Kenya zile ATM za maziwa ni ukoo huo huo. Wazo lenyewe ni la kale mno, Heron wa Alexandria, Misri, karne ya kwanza, alieleza chombo ambacho ukidondosha sarafu kinakumiminia maji matakatifu ya hekaluni. Japani wao mashine ya zamani kuliko zote iliyobaki ni ya mwaka 1904, ya mbao, ya kuuza stempu na postikadi, aliitengeneza fundi anaitwa Tawaraya Takashichi. Leo nchi nzima ina mashine karibu milioni 4 (humo zimehesabiwa hata zile za kuchenji hela na makabati ya kuhifadhi mizigo), na zaidi ya nusu ni za vinywaji tu. Mwaka 2000 zilikuwa zaidi ya milioni 5 na nusu, kwahiyo kumbe zinapungua, sio kwamba zinaongezeka kama watu wengi wanavyodhani.

Sasa kwenye hizo milioni zote, zinazowaliza watu ni chache mno. Ni za chakula cha moto zilizotengenezwa miaka ya 70 na 80, kipindi ambacho Wajapani wanakiita Showa, yani utawala wa mfalme Hirohito kuanzia 1926 mpaka 1989. Kuna za udon na soba, udon ni tambi nene za ngano, soba ni nyembamba za kahawia. Kuna za tosti yenye ham na chizi, inatoka imefungwa kwenye karatasi ya foili. Kuna za hambaga inayotoka kwenye kiboksi. Kuna za soda ya chupa ambapo unafungua kimlango chembamba cha kioo, unaishika chupa shingoni, unaivuta, na opena imepachikwa pale pale kwenye mashine. Ukisikia mtu anaongelea mashine za retro (yani za kizamani) Japani ndizo hizo.

Ndani kuna nini

Hapa ndio penyewe, na hapa ndio stori nyingi za mtandaoni zinapopotea.

Mashine ya udon inayojulikana kuliko zote ni ya kampuni ya Fuji Electric, ilianza kuzalishwa katikati ya miaka ya 70. Mule ndani hamna roboti na hamna jiko la maana. Kuna sehemu yenye ubaridi kama friji ambayo mabakuli yamepangwa, kila bakuli tayari lina tambi zilizokwisha chemshwa na vikorombwezo vyake. Kuna tanki la maji ya moto, kuna chombo cha supu. Ukiweka hela bakuli moja linasogea chini ya bomba, linamiminiwa maji ya moto kuzipasha tambi, halafu bakuli zima linazungushwa kwa kasi mpaka yale maji yanaruka nje na tambi zinabaki zimekauka, na linarudiwa tena hivyo hivyo, maji, kuzungusha. Ndipo supu ya moto inamwagwa juu, bakuli linasukumwa nje. Biashara yote sekunde 27, na zile namba zinazowaka rangi ya chungwa zikihesabu kurudi nyuma ni vitaa vya kioo vya enzi hizo, vya kabla skrini za kawaida hazijaenea.

Mtu akiuliza kwanini izungushwe yote hiyo, jibu ni kwamba tambi zilizokaa kwenye friji zinagandana na zina maji maji, ukimwaga supu moja kwa moja inapooza na inakuwa nyepesi haina ladha. Kwahiyo lazima uzipashe kwanza kwa maji halafu uyaondoe yale maji. Mpishi wa kibandani anafanya kazi ile ile kwa chujio la mkono, anatumbukiza, anakung'uta. Wahandisi walichokaa kukifikiria ni namna ya kukung'uta bila mkono, na jibu walilolipata ni zuri mpaka leo. Sehemu nyingi tempura (ile kitu ya kukaangwa kwenye unga) inawekwa chini ya tambi sio juu, kwasababu ikikaa juu mzunguko utaitupa, kwahiyo unakula unachimba unaikuta chini imelowa supu, na wapenzi wa hizi mashine wanakwambia utamu uko hapo.

Ya tosti ni rahisi zaidi. Sandwichi imefungwa kwenye foili, inabanwa katikati ya vyuma vya moto kwa muda, inadondoka. Inatoka ya moto hatari, hushiki kwa vidole vitupu, na kila mtu aliyekua na mashine hizo ana kumbukumbu ya kurusha tosti mkono huu mkono ule. Hambaga yenyewe inapashwa kwa maikrowevu iliyofichwa mule ndani, inachukua kama dakika moja, na mkate unatoka umesinyaa kidogo.

Kwahiyo roboti hakuna. Na hili la pili ndilo ningependa lishike kichwani mwa kila anayesoma: mashine haipiki, inapasha tu. Kuna mtu amepika. Alfajiri mwenye mashine ameamka, amechemsha supu kwa samaki mkavu na mwani wa kombu, amekaanga tempura, amepanga bakuli moja moja kwa mkono wake, amefungua mlango wa nyuma amejaza. Yani ile mashine ni mama lishe aliyesimama nyuma ya bati, kilichoondolewa ni ile sehemu ya kukupakulia na kupokea hela tu, kupika kumebaki kwa binadamu kama kawaida. Ndio maana ladha ya mashine za mkoa wa Gunma sio ladha ya mashine za mkoa wa Shimane, modeli moja, kiwanda kimoja, lakini supu ni ya mpishi tofauti, na kuna watu wanazunguka nchi nzima kuonja hizo tofauti.

Na hapo hapo lile swali la tambi za toka mwaka gani linakufa lenyewe. Kilichozeeka ni bati, chakula ni cha leo. Japani kuuza chakula cha kupashwa kwenye mashine kunahitaji kibali cha ofisi ya afya, na sehemu ya friji inatakiwa ibaki na ubaridi wake, ikipanda joto mauzo yanasimama.

Zilifikaje barabarani

Watu wanadhani zilitokea tu kwasababu Wajapani wanapenda teknolojia. Hapana, kuna sababu za kawaida kabisa na nyingine hata hazihusiani na chakula.

Ya kwanza ni sarafu. Mpaka 1966 sarafu ya yen 100 ilikuwa na madini ya fedha ndani yake, mwaka 1967 ikabadilishwa ikawa mchanganyiko wa shaba na nikeli, zikatoka nyingi mtaani, na shirika la reli la taifa likawa linasambaza mashine za tiketi. Watu wakazoea kuiamini mashine na hela yao. Miaka ya 60 mwanzoni tayari kulikuwa na zile mashine za juisi za yen 10 zenye bakuli kubwa la kioo juu, juisi inaruka kama chemchemi mule ndani, watoto wanasimama wanaangalia hata kama hela hawana. Coca-Cola nao wakaingia na za kwao. Mwaka 1969 kampuni ya UCC ikatoa kahawa ya maziwa kwenye kopo, 1971 kampuni ya Nissin wakatoa tambi za kikombe na wakaweka mashine zinazotoa kikombe pamoja na maji ya moto, na mwanzoni mwa miaka ya 70 hiyo hiyo zikaja mashine zinazotoa kinywaji cha baridi na cha moto kwa pamoja, na kwenye nchi yenye baridi kali hilo sio jambo dogo.

Ya pili ni magari. Uchumi ulikuwa unapaa, familia zinanunua gari la kwanza, malori yanatembea usiku kucha, na usiku huo duka gani liko wazi? Hakuna. Basi watu wenye kiwanja pembeni ya barabara kuu wakajenga kibanda, wakapanga mashine sita saba, meza, viti, michezo ya video pembeni, taa hazizimwi, muhudumu hayupo. Migahawa hiyo isiyo na wahudumu ilienea nchi nzima. Dereva wa lori anaingia saa nane usiku, anakula udon, anavuta sigara, anaondoka. Mtoto aliyelala siti ya nyuma anaamshwa na baba yake wakiwa safarini kwenda kwa bibi, anapewa sarafu aitumbukize mwenyewe. Mtoto huyo leo ana miaka 50 na kitu.

Halafu zikafa kwa sababu ile ile iliyozizaa, yani njaa ya usiku, maana ilipata mtu mwingine wa kuishughulikia. Mwezi wa 5 mwaka 1974 Seven-Eleven wakafungua duka lao la kwanza la mahitaji madogo madogo Japani, mtaa wa Toyosu, Tokyo, mwaka uliofuata wakaanza duka la masaa 24. Leo maduka ya aina hiyo nchini yamepita elfu 55. Dukani unapata wali, mkate, choo safi na mtu wa kukusalimia, nani tena aende kibandani? Na barabara mpya za kasi zikahamisha magari, kibanda kikabaki pembeni ya barabara isiyopitiwa na mtu. Kiwanda nacho kikaacha kutengeneza zile mashine, spea zikaisha. Wenye vibanda wakazeeka.

Hizi tunazoziona kwenye klipu ndio mabaki, na zinaishi kwa kuchinjana. Anayetaka moja iwake anatafuta nyingine mbovu shambani kwa mtu au nyuma ya godauni, anachomoa mota, anachomoa pampu, anahamishia. Hakuna wa kumpigia simu akuletee mpya. Kwahiyo anayesema zinabaki kwasababu zina faida kubwa amekosea, mashine moja inakula muda wa fundi kuliko hela inayoingiza, na bei ya bakuli mara nyingi ni yen 300 au 400, yani kama elfu 5 au 6 za Tanzania.

Kwanini watu wanalia nazo

Ngoja nikupe mifano miwili, maana hisia hizi ukizielezea kwa nadharia zinakimbia.

Mjini Akita, kaskazini kwenye theluji, karibu na bandari, kulikuwa na duka moja lenye mashine ya udon na soba nje mlangoni. Zaidi ya miaka 40. Mwaka 2015 kituo cha televisheni cha NHK, ambacho kina mfululizo wa vipindi vya kukaa sehemu moja siku tatu, kikaenda kukaa mbele ya mashine hiyo masaa 72 katikati ya baridi, kamera imewashwa, wanaongea na anayekuja. Wakaja watu wa kila aina, wengine wakala kimya wakaondoka, wengine wakafunguka maisha yao mbele ya bakuli. Kipindi kikawa moja ya vipindi vilivyopendwa zaidi katika mfululizo ule. Mwaka uliofuata, Machi 2016, duka likafungwa, na mashine haikutupwa, ikahamishiwa kwenye kituo cha mapumziko cha wasafiri pale pale bandarini, ikaendelea kuuza. Fikiria mji unapigania bati lenye chombo cha supu ndani. Lakini haikuwa bati kwao, ilikuwa sehemu pekee ambayo saa kumi usiku ukiwa na mawazo unaweza kula kitu cha moto na hakuna anayekuuliza unafanya nini hapa.

Mfano wa pili ni Sagamihara, mkoa wa Kanagawa. Kuna duka la tairi za mitumba, mwenye duka ana mapenzi ya kufufua mashine mbovu, akaanza kuziweka uwanjani ili wateja wanaosubiri tairi zifungwe wapate cha kula. Leo kuna makumi ya mashine zimejipanga, udon, ramen, kari, hambaga, tosti, bisi, soda za chupa, vitu vya kuchezea, na wikiendi inakuwa foleni, wengi wao hawajaja kwa tairi. Wafanyakazi wake ndio wanaopika na kujaza. Mimi naona huyu mtu amefanya kazi ambayo makumbusho haiwezi, kwasababu makumbusho ingeiweka mashine nyuma ya kamba ikiwa imezimwa, na mashine ya udon iliyozimwa haikuambii chochote.

Sasa kwenye ile foleni utaona jambo linalowachanganya wengi: nusu ni vijana waliozaliwa baada ya Showa kuisha. Wanakumbuka nini wakati hawakuwepo? Hapa lazima tutenganishe vitu viwili. Kuna kumbukumbu ya mtu mwenyewe, yule mtoto wa siti ya nyuma, harufu ya supu inamrudisha kwa baba yake moja kwa moja. Halafu kuna hamu ya zama ambazo hukuziona ila umezisikia, zama ambazo wazazi wako wakizitaja sura zao zinabadilika. Kijana wa Kijapani amekua uchumi umesimama, amesikia maisha yake yote kwamba kulikuwa na kipindi kila mwaka ulikuwa bora kuliko uliopita. Ile mashine ni kipande cha kipindi hicho ambacho bado kinafanya kazi, unaweza kukigusa, kinakupa chakula. Hiyo sio sawa na kuangalia picha.

Na kuna la tatu ambalo kwangu ndilo zito zaidi, mashine ya zamani inakuonyesha kwamba inafanya kazi. Mashine mpya unagusisha kadi au simu, inalia pi, kopo linashuka, huna habari ya kilichotokea. Ya zamani unasikia sarafu inashuka kwenye njia yake, inapimwa, relei (swichi ya umeme ya ndani) inalia, maji yanamiminika, bakuli linazunguka mpaka bati zima linatetemeka, unahesabu nayo. Sekunde 27 ni fupi kuliko foleni yoyote ila ni ndefu ya kutosha kuanza kutamani. Chakula chenyewe, tuseme ukweli, ni cha kawaida, ukikipata mgahawani usingekisifia. Kinachokifanya kitamu ni baridi, usiku, ile taa, na kusubiri kidogo.

Kuna uzushi mmoja nao tuuondoe, kwamba zimebaki kwasababu Japani hakuna wizi. Usalama unachangia ndio, kuacha mashine yenye hela barabarani usiku sio nchi zote. Ila mashine zimeshavunjwa na zimeshadanganywa. Mwishoni mwa miaka ya 90 watu walikuwa wanatoboa sarafu za won 500 za Korea, zinazofanana na za yen 500 ila thamani yake ndogo sana, wanaipunguza uzito ili mashine idhani ni yen. Ikawa shida ya nchi nzima mpaka mwaka 2000 serikali ikatoa sarafu mpya ya yen 500 ya madini tofauti, na Novemba 2021 ikaibadilisha tena. Noti nazo zikabadilishwa Julai 2024. Kila badiliko kama hilo wenye mashine mpya wanalipia marekebisho, wenye za zamani wengi hawana cha kurekebisha, wanabandika karatasi ya mkono tu kwamba mashine hii inapokea sarafu fulani na fulani.

Na wala usidhani Japani imeacha kuuza chakula kwa mashine. Wakati wa korona zilikuja mashine mpya za vyakula vilivyogandishwa, kampuni ya Sanden walitoa ya kwao Januari 2021, migahawa ikaanza kuuza gyoza (vimfuko vya unga vyenye nyama ndani) na tambi za ramen humo usiku na mchana. Zile unabeba unaenda kupika nyumbani. Hazina mvuke, na kwa maoni yangu hapo ndipo tofauti ilipo.

Kama una ndugu yuko masomoni kule au wewe mwenyewe unapangilia safari, Sagamihara hapako mbali na Tokyo, na ukiwa na gari mkoa wa Gunma una vibanda vya zamani ambavyo bado viko pembeni ya barabara, Drive-in Nanakoshi kule Fujioka ni jina linalotajwa sana. Beba sarafu za yen 100 za kutosha, ya 500 mpya usiitegemee. Tosti ishike kwa leso au mkono wa sweta. Bakuli la udon kama ni la plastiki gumu usiondoke nalo, linaoshwa linarudi kazini, lirudishe pale walipoandika. Na wahi mapema, maana taa nyekundu ya kuisha ikiwaka hakuna cha kubonyeza tena mpaka mwenyewe aje ajaze, na wikiendi inawaka mapema.